Kuiona Data ya Vipimo Vitatu: Picha Inayomwitikia Mtazamaji

Data ya vipimo vitatu ni mkusanyiko wa namba ambazo kila moja ina mahali pake katika urefu, upana na kina. Mashine ya CT inapompima mgonjwa hutoa namba za aina hiyo: kila namba inaeleza jinsi nukta moja ndani ya mwili inavyozuia miale ya eksirei. Mtaalamu wa hali ya hewa anapopiga hesabu za kimbunga, kompyuta yake hutoa namba za joto, shinikizo na mwendo wa upepo kwa kila sehemu ya anga, kuanzia usawa wa bahari hadi juu ya mawingu. Naye mjiolojia anayepima mawimbi ya matetemeko ya ardhi hupata namba zinazoonyesha kasi ya mawimbi hayo katika miamba iliyo mamia ya kilomita ardhini.

Wingi wa namba hizi ndio tatizo la kwanza. Kipande kimoja cha picha ya CT kwa kawaida huwa na nukta 512 kwa 512. Vipande 400 vya namna hiyo vikipangwa kimoja juu ya kingine hutoa namba zaidi ya milioni 100, na hakuna binadamu awezaye kuzisoma zote. Tatizo la pili ni la macho. Skrini ni bapa, ilhali kitu chenye vipimo vitatu kina mbele inayoficha nyuma na ganda linaloficha kiini. Picha yoyote moja lazima iache mengi nje.

Mbinu zinazoelezwa hapa zilibuniwa kukabili matatizo hayo mawili, na zote zinasimama juu ya kanuni moja: mtazamaji apewe uwezo wa kuigeuza, kuikata na kuichuja data kwa mkono wake, na picha ibadilike papo hapo. Picha moja hujibu swali moja. Ufahamu hutokana na mfululizo wa maswali, na ndiyo maana picha inayoitikia imekuwa chombo cha utafiti na si pambo la ripoti.

Chanzo cha mbinu

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad. Mtumiaji alichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, na kompyuta ikaitikia pale pale. Wakati huo kompyuta nyingi zililishwa kadi zilizotobolewa, na majibu yakasubiriwa kwa saa kadhaa. Mwaka 1968 Sutherland akaonyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani: aliyekivaa aliona umbo la mistari likielea mbele yake, na alipogeuza kichwa umbo hilo lilibaki mahali pake kama kitu halisi.

Wanasayansi hawakukawia kuutumia uwezo huo. Katikati ya miaka ya 1960, Cyrus Levinthal na wenzake wa MIT walitumia kompyuta kuchora maumbo ya protini na kuyazungusha kwenye skrini. Molekuli iliyosimama tuli ilionekana kama tandabui la mistari. Ilipozunguka, mikunjo yake ikajitokeza.

Katika Chuo Kikuu cha Utah watafiti walishughulikia tatizo la kuchora nyuso zenye kuonekana kama vitu halisi. Henri Gouraud mwaka 1971, kisha Bui Tuong Phong, walionyesha jinsi ya kukadiria mwanga na kivuli juu ya uso uliojengwa kwa poligoni ili uonekane laini. Mwaka 1974 Edwin Catmull alieleza njia rahisi ya kujua kipi kinaficha kipi: kwa kila pikseli, kompyuta hutunza umbali wa kitu kilicho karibu zaidi na jicho, na kitu kipya huchorwa pale tu kinapokuwa karibu zaidi ya kile kilichotangulia. Njia hiyo imo hadi leo ndani ya kila kadi ya michoro, hata iliyo katika simu ya mkononi.

Data yenyewe ilikuwa ikiongezeka. Tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipimwa ubongo kwa mashine ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine hiyo ilibuniwa na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, na picha zake zilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini aliyeanza kuifikiria hesabu ya jambo hilo akiwa Cape Town. Kufikia miaka ya 1980, mashine za hospitali, vipimo vya setilaiti na kompyuta kubwa zilikuwa zikimwaga namba nyingi kuliko watu walivyoweza kuzielewa. Mwaka 1987 ripoti iliyodhaminiwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ilitamka wazi kwamba kuionyesha data ni fani inayojitegemea na inastahili fedha na watafiti wake.

Data inavyopangwa

Mpangilio ulio rahisi zaidi ni gridi ya vimchemraba vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Kila kimoja huitwa vokseli, nacho ni kwa ujazo kile ambacho pikseli ni kwa picha bapa. Gridi si lazima iwe sawa pande zote. Katika picha nyingi za CT, umbali kati ya kipande na kipande ni mkubwa kuliko umbali kati ya nukta ndani ya kipande kimoja, na programu isiyozingatia tofauti hiyo humchora mgonjwa akiwa amebanwa au amerefushwa.

Namba iliyo ndani ya vokseli inaweza kuwa ya aina mbili kuu. Skala ni namba moja, kama joto au msongamano. Vekta ni namba tatu zinazoeleza mwelekeo na nguvu, kama mwendo wa upepo au wa damu ndani ya mshipa. Mbinu zinazofaa skala hazifai vekta, hivyo kuitambua aina ya data ni hatua inayotangulia zote.

Katika CT, namba hizo hufuata kipimo kilichopewa jina la Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni −1000, mafuta ni takriban −100, na mfupa huanzia mamia kadhaa na kupita 1000 pale ulipo mgumu. Kipimo hiki ni msaada mkubwa, kwa kuwa namba yenyewe inadokeza aina ya tishu. Data nyingine nyingi hazina bahati hiyo, na mtafiti hulazimika kutafuta mwenyewe namba ipi inamaanisha nini.

Kati ya vokseli na vokseli hakuna kipimo, ilhali picha huhitaji thamani kila mahali. Kompyuta huikadiria kutokana na pembe nane za kimchemraba kinachoizunguka nukta inayotakiwa, kila pembe ikihesabiwa uzito kulingana na ukaribu wake. Makadirio haya huifanya picha iwe laini. Lakini ulaini huo usichukuliwe kuwa ni kipimo: undani ulio mdogo kuliko vokseli moja haumo katika data, hata picha ikivutia namna gani.

Kukata vipande

Njia ya kale zaidi ya kuona ndani ya kitu ni kukikata, na kompyuta hukata bila kuharibu. Bapa la kuwaziwa hupitishwa ndani ya data, na thamani zinazokutana nalo huchorwa kwa rangi au kwa weusi na weupe. Daktari anayesoma picha za CT hutazama mikato mitatu kwa pamoja: wa kulala, unaotenganisha juu na chini, wa kusimama, unaotenganisha mbele na nyuma, na ule unaotenganisha kushoto na kulia. Akibofya nukta moja katika mkato mmoja, mikato mingine miwili huhamia hapo hapo. Bapa linaweza pia kuinamishwa, au hata kupindwa lifuate mshipa wa damu ili urefu wote wa mshipa uonekane katika picha moja.

Mkato hauhitaji kukisia lolote kuhusu mipaka ya vitu, na thamani zinazoonekana ndizo zilizopimwa. Udhaifu wake ni kwamba kazi ya kuunganisha vipande kuwa umbo kamili huachiwa akili ya mtazamaji. Daktari mzoefu huifanya kwa sababu anaijua anatomia. Mtu anayetazama kitu ambacho hakijawahi kuonekana na yeyote hana msaada huo.

Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa data ya mwili mzima wa mwanamume ambaye maiti yake ilikuwa imegandishwa na kupigwa picha kila baada ya milimita moja, vipande 1,871 kwa jumla, pamoja na picha za CT na za MRI za mwili huo huo. Mwaka uliofuata ikatolewa ya mwanamke, yenye vipande vyembamba zaidi. Kwa miaka mingi data hizo zimetumika kupimia mbinu mpya, kwa sababu picha iliyotengenezwa na kompyuta ingeweza kulinganishwa na mwili wenyewe.

Uso wa thamani sawa

Mstari wa kontua kwenye ramani huunganisha sehemu zote zenye mwinuko mmoja, kwa mfano mita 3,000 kuuzunguka Mlima Kilimanjaro. Katika vipimo vitatu, nukta zote zenye thamani moja haziungani kuwa mstari bali kuwa uso. Mtafiti akichagua thamani 300 katika data ya CT, uso unaopatikana hufuata mifupa. Akichagua thamani iliyo kati ya hewa na nyama, hupata ngozi.

Njia iliyoenea zaidi ya kuujenga uso huo ilitangazwa mwaka 1987 na William Lorensen na Harvey Cline, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya utafiti ya General Electric huko Schenectady, New York. Algoriti yao hupita kimchemraba kimoja baada ya kingine. Katika kila kimoja huziuliza pembe zote nane: je, thamani yako iko juu au chini ya kizingiti, yaani thamani iliyochaguliwa? Kila pembe ina majibu mawili tu, kwa hiyo pembe nane hutoa hali 256. Hali zinazofanana kwa kugeuzwa au kwa kubadilishana juu na chini zikiunganishwa, hubaki 15. Kwa kila hali, jedwali lililoandaliwa mapema husema pembetatu zipitishwe wapi.

Mahali hasa ambapo pembetatu hukata ukingo hupatikana kwa uwiano. Ikiwa kizingiti ni 300, na pembe mbili za ukingo mmoja zina 220 na 540, basi tofauti ya kufika kizingiti ni 80 kati ya 320, na uso hukata robo ya njia kutoka pembe ya kwanza. Hesabu hiyo hurudiwa mamilioni ya mara, na matokeo yake ni utando wa pembetatu ambao kadi yoyote ya michoro huweza kuuchora, kuuangaza na kuuzungusha kwa kasi. Utando huo pia unaweza kupelekwa kwenye printa ya vipimo vitatu, ndivyo madaktari wa upasuaji wanavyopata nakala ya fuvu la mgonjwa kabla ya kushika kisu.

Mbinu hii ina mtego unaopaswa kujulikana. Hukata shauri la ndiyo au hapana pale ambapo maumbile yenyewe hayana mpaka mkali. Mfano mzuri uko chini ya Afrika Mashariki. Vipimo vya mawimbi ya matetemeko vinaonyesha eneo kubwa ambamo mawimbi huenda polepole, linaloanzia karibu na kiini cha dunia chini ya kusini mwa Afrika na kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Mwendo wa polepole kwa kawaida hudokeza mwamba wenye joto zaidi. Lakini katika data hiyo mpaka wa eneo hilo hauna ukingo kama wa mfupa. Kasi hupungua kidogo kidogo. Kizingiti kikilegezwa, umbo huonekana kubwa na lililoungana. Kikikazwa, huanza kusinyaa na kukatika. Anayeoneshwa picha moja iliyochapishwa huamini alichoona. Anayepewa kitelezi cha kubadilisha kizingiti huona lipi ni imara katika data na lipi limetokana na uchaguzi wa mchoraji.

Kuchora ujazo wote

Mwaka 1988 makundi mawili yalitangaza njia isiyohitaji kuamua uso kwanza. Marc Levoy, aliyekuwa Chuo Kikuu cha North Carolina, na kundi la Robert Drebin, Loren Carpenter na Pat Hanrahan wa Pixar, walionyesha jinsi ya kuchora ujazo wote kama kitu kinachopitisha mwanga kwa kiasi.

Katika njia ya miale, mwale mmoja hutoka jichoni, hupita katika kila pikseli na kuingia ndani ya data. Kwa hatua ndogo ndogo, thamani iliyo kwenye njia ya mwale husomwa na kugeuzwa kuwa vitu viwili: rangi, na kiwango cha kuzuia mwanga. Rangi hizo hujumlishwa kwa mpangilio, za mbele zikipunguza nguvu ya zile za nyuma. Mwale ukishazuiwa kabisa, hesabu yake husimama, kwa maana hakuna kitakachoonekana zaidi ya hapo. Sehemu tupu, kama hewa iliyomzunguka mgonjwa, hurukwa. Hila hizo mbili huokoa sehemu kubwa ya kazi.

Moyo wa mbinu hii ni jedwali linaloamua thamani ipi ipewe rangi gani na izuie mwanga kiasi gani. Kwa data ya CT, mtu anaweza kuifanya hewa isionekane, ngozi iwe ukungu mwepesi, misuli iwe nyekundu hafifu, na mfupa uwe mweupe usiopitisha mwanga. Akilibadilisha jedwali, ngozi huyeyuka na mifupa kubaki. Akilibadilisha tena, mapafu hujitokeza. Data haikuguswa. Kilichobadilika ni swali.

Kulipata jedwali zuri ni kazi ngumu, kwa kuwa tishu mbili tofauti zinaweza kuwa na thamani moja. Ndiyo maana programu nyingi hutazama pia kasi ya mabadiliko ya thamani kutoka vokseli moja hadi jirani yake. Ndani ya mfupa au ndani ya msuli thamani hubadilika kidogo. Pale vinapokutana hubadilika ghafla. Mabadiliko hayo makali yakipewa uzito, mipaka huonekana wazi, na mwelekeo wake hutumika kukokotoa mwanga na kivuli.

Ipo pia njia fupi inayopendwa hospitalini: katika kila mwale huchukuliwa thamani kubwa kuliko zote, na nyingine zote huachwa. Mishipa ya damu iliyotiwa dawa ya kung'arisha hujitokeza vizuri kwa njia hii. Hata hivyo, picha yake haioneshi kipi kiko mbele na kipi nyuma, hivyo ni lazima izungushwe ili kina kieleweke.

Kuonyesha mtiririko

Vekta zinahitaji lugha nyingine. Jibu la kwanza linalomjia mtu ni mishale: mmoja kwa kila nukta ya gridi. Katika picha bapa mishale hufaa. Katika vipimo vitatu maelfu ya mishale huzibana na hakuna kinachoonekana. Kwa hiyo huchaguliwa nukta chache za kuanzia, na kutoka kila nukta kompyuta hufuata mwelekeo wa vekta, hatua kwa hatua, hadi ipatikane njia ambayo chembe nyepesi ingepita. Hatua zikiwa kubwa mno, mstari hutoka nje ya njia yake ya kweli, hasa penye vizingia. Hivyo hutumika kanuni za hesabu zinazopima mwelekeo mara kadhaa katika kila hatua.

Swali gumu ni nukta za kuanzia ziwe wapi. Kizingia kidogo kinaweza kukaa katikati ya mistari mia bila hata mmoja kukigusa. Hapa ndipo mkono wa mtazamaji unapohitajika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Steve Bryson na Creon Levit wa kituo cha Ames cha NASA, California, walitengeneza handaki la upepo la kuwaziwa. Mtafiti alitazama kwa kifaa kilichompa kila jicho picha yake, akavaa glavu yenye vihisio, na kila alipopeleka mkono, mistari ya mtiririko ilichipuka kutoka hapo na kulizunguka umbo la chombo cha anga. Katika handaki la kweli, fimbo ya moshi huusumbua upepo unaopimwa. Katika lile la kuwaziwa mkono haukusumbua chochote.

Mwitikio na kasi yake

Mwaka 1953 wanasaikolojia Hans Wallach na D. N. O'Connell walionyesha kwamba kivuli cha waya uliopindwa huonekana bapa kikiwa kimetulia, lakini waya ukizungushwa mtazamaji huona umbo lenye kina. Ubongo hupima kina kwa mwendo. Kwa hiyo kuizungusha data kwenye skrini ni sehemu ya kuona kwenyewe.

Kuzungusha kwa kipanya kuna ugumu wake, kwani kipanya husogea katika vipimo viwili na kitu huzunguka katika vitatu. Mwaka 1992 Ken Shoemake alipendekeza kitu kichukuliwe kama kimefungwa ndani ya tufe la kioo: mtumiaji hushika nukta juu ya tufe na kuiburuta, na kila kilichomo hufuata. Hesabu yake hutumia namba za sehemu nne zilizogunduliwa na William Rowan Hamilton mwaka 1843, ambazo huepusha mzunguko kukwama katika pembe fulani.

Mwitikio una masharti ya muda. Picha zikipungua chini ya takriban 10 kwa sekunde, mkono na jicho huacha kufanya kazi pamoja. Katika miwani ya uhalisia pepe hutakiwa picha kama 90 kwa sekunde, la sivyo wengi huona kizunguzungu. Gharama yake inahesabika. Skrini yenye pikseli milioni moja, kila mwale ukisoma data mara 500, huhitaji usomaji milioni 500 kwa picha moja. Kwa picha 30 kwa sekunde, hiyo ni bilioni 15 kila sekunde.

Programu hulipunguza deni hilo kwa njia kadhaa. Wakati mtumiaji anazungusha, picha huchorwa kwa ubora hafifu; anapoachia, hukamilishwa. Data kubwa hugawanywa katika mchemraba unaokatwa sehemu nane, kila sehemu ikakatwa tena nane, na kuendelea. Sehemu zilizo mbali au tupu huchorwa kwa ukubwa wao, na zile zinazotazamwa kwa karibu ndizo hufunguliwa hadi mwisho. Madirisha kadhaa huunganishwa pia: mtafiti akizungushia kundi la nukta kwenye grafu ya joto na shinikizo, vokseli zile zile huwaka ndani ya picha ya kimbunga, naye huona papo hapo kama zimekusanyika mahali pamoja au zimetawanyika.

Mashine na programu

Hadi miaka ya 1990, kazi hii ilihitaji kompyuta maalumu, na zilizosifika zaidi zilitoka kampuni ya Silicon Graphics. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitoa OpenGL, lugha ya pamoja ya kuamuru kadi za michoro, na programu zikaacha kufungwa kwenye mashine moja. Mwaka huo huo Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walionyesha CAVE, chumba ambacho kuta zake ni skrini, na mtazamaji husimama katikati ya data.

Kilichoibadilisha fani zaidi ni michezo ya kompyuta. Soko lake lilizifanya prosesa za michoro ziwe za bei nafuu na zenye nguvu, na kwa kuwa kila mwale hauhitaji kumsubiri mwenzake, maelfu yake huhesabiwa kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2011, WebGL imewezesha kazi hiyo kufanyika ndani ya kivinjari cha intaneti.

Programu nazo ziko wazi. VTK ilianza mwaka 1993 kwa mikono ya Will Schroeder, Ken Martin na Bill Lorensen yule yule wa algoriti ya vimchemraba. ParaView imejengwa juu yake kwa ajili ya data kubwa za fizikia na uhandisi, na 3D Slicer kwa ajili ya tiba. Zote hupatikana bila malipo, na msimbo wake husomeka na yeyote.

Fuvu la Napudet

Mwaka 2014 John Ekusi, mtafuta visukuku wa Kenya, aliona fuvu dogo likichungulia ardhini huko Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana. Lilikuwa fuvu la mtoto wa nyani asiye na mkia aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita, na lilikuwa karibu kamili. Isaiah Nengo, Mkenya aliyeongoza utafiti huo, alikabiliwa na swali ambalo lisingejibiwa kwa macho: kuna nini ndani? Kulipasua kusingewezekana.

Fuvu lilipelekwa Grenoble, Ufaransa, kwenye kituo cha sinkrotroni cha Ulaya, ambako miale ya eksirei yenye nguvu kubwa hutoa vokseli ndogo mno kuliko za mashine ya hospitali. Kwenye skrini, jiwe lilitenganishwa na mfupa. Ndani ya taya yakaonekana meno ya ukubwani ambayo hayakuwa yameota, na mikato yake ilionyesha mistari ya ukuaji, ambayo huongezeka kwa mpangilio kadiri jino linavyokua. Kwa kuihesabu, watafiti walijua kwamba mtoto alikufa akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja na miezi minne. Sehemu za sikio nazo zilijengwa upya: mrija wa mfupa wa sikio ulimweka katika ukoo wa nyani wasio na mkia, na mifereji ya mizani, iliyo midogo, ikadokeza kwamba hakuwa mrukaji wa kasi kama giboni. Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa katika jarida la Nature, na spishi hiyo ikaitwa Nyanzapithecus alesi.

Hakuna mbinu moja iliyotosha hapo. Uso uliojengwa ulionyesha umbo la fuvu na uwazi wa ubongo. Mkato ulionyesha mistari ya meno, ambayo uso usingeionyesha kamwe. Kila swali lilichagua mbinu yake.

Rangi na uaminifu wa picha

Programu nyingi kwa miaka mingi zilipaka data rangi za upinde wa mvua, kuanzia bluu hadi nyekundu. Uchaguzi huo ni mbaya. Njano hung'aa kupita jirani zake na kuchora mpaka ambao haumo katika data, ilhali ukanda mpana wa kijani huzimeza tofauti zilizomo. Tena, katika watu wenye asili ya Ulaya, mwanamume mmoja kati ya 12 hivi hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Mwaka 2015 watengenezaji wa Matplotlib, programu ya kuchora grafu, walitoa mpango wa rangi uitwao viridis, ambao mwanga wake huongezeka kwa hatua sawa kutoka giza hadi njano, na ambao husomeka hata ukichapishwa kwa weusi na weupe. Mipango ya namna hiyo ndiyo inayofaa kwa data inayopanda kutoka chini hadi juu.

Rangi ni moja tu ya maamuzi yaliyojificha nyuma ya picha. Kizingiti, jedwali la uangavu, nukta za kuanzia mistari, mwelekeo wa kutazama: kila kimoja kingeweza kuwa tofauti, na picha ingeeleza jambo tofauti. Kwa hiyo anayechapisha picha ya data anapaswa kuandika chini yake thamani alizozichagua, na pale inapowezekana aitoe data yenyewe ili wengine waizungushe na kuikata. Anayesoma naye ana haki ya kuuliza umbo analooneshwa lingekuwaje kama kizingiti kingesogezwa kidogo. Vyombo vya kujibu swali hilo havina bei, na kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo inavimudu. Mwenye data ya vipimo vitatu asiridhike na picha ya kwanza iliyompendeza. Aijaribu kwa mkono wake, na kiitwe ugunduzi kile tu kinachobaki mahali pake baada ya kujaribiwa.